Mwalimu Aliyeulizia Matumbo ya Watu

Ukikutana naye njiani, hujamaliza kumwamkia, alikuwa ameshakuuliza habari za tumbo lako. "Marahaba, mwanangu. Tumbo limeamkaje?" Habari za nyumbani na za watoto zingefuata baadaye, kama muda ungekuwepo. Watu waliohamia Msambweni kutoka bara walidhani ni desturi ya Wadigo, wakawa wanajibu kwa adabu, "Tumbo ni salama, mama." Sisi wenyeji tulijua kwamba ilikuwa desturi ya mtu mmoja tu.

Jina lake lilijulikana, lakini sikumbuki kulisikia likitumika. Mjini kulikuwa na walimu wengi, wa kike na wa kiume, wa shule na wa madrasa. Hata hivyo mtu akisema "Mwalimu kasema", hakuna aliyeuliza ni yupi.

Alinifundisha bayolojia miaka minne, nami nikapata D. Sasa nauza mboga kando ya barabara kuu: mchicha, kabichi, sukuma wiki, mnavu, na mtsunga, lile jani chungu ambalo kwetu sima bila hilo ni kama haijaliwa. Kwa hiyo alikuwa mwalimu wangu kwanza, halafu akawa mteja wangu kwa miaka mingi zaidi, na kusema kweli nilimjua vizuri alipokuwa mteja. Darasani niliketi nyuma, nikimwogopa.

Kulikuwa na somo moja ambalo halikuwemo katika mtaala, naye alilifundisha kila mwaka kwa kidato cha tatu. Aliingia, akafunga mlango, akachora safu moja ya visanduku kutoka ukingo huu wa ubao hadi ule.

"Huu ni ukuta wa utumbo wako," alisema. "Safu moja ya seli. Ni mwembamba kuliko karatasi ya hilo daftari unaloandikia. Upande huu pana damu yako. Upande huu pana kinyesi."

Wasichana tukaziba midomo kwa mitandio. Alituacha tukacheka mpaka tukatosheka.

"Mmemaliza? Haya. Sasa ni nani anayeulinda ukuta huu?"

Ndipo akatueleza juu ya kipokezi. Ndani ya seli, alisema, mna protini fulani imekaa inangoja. Tukila kabichi au sukuma wiki, au bakteria wa tumboni wakivunjavunja protini ya maharagwe na samaki, hutoka kemikali ndogondogo zinazoingia ndani ya seli na kushikana na kipokezi hicho. Kikishashikwa, kinaingia hadi kwenye kiini cha seli na kuamuru kazi ianze: ukuta utengenezwe, kinga ya mwili iamke, na ikishaamka isiushambulie mwili wenyewe.

"Na kipokezi hichohicho," akasema, akijigonga paji la uso kwa chaki mpaka likawa na doa jeupe, "kimo vilevile kwenye seli za ubongo. Baadhi ya kemikali za tumboni husafiri na damu hadi huku juu, zikasaidia kutuliza uvimbe. Kwa hiyo mtu akikwambia tumbo ni kitu kimoja na akili ni kitu kingine, mwambie arudi shule."

Msichana mmoja wa mbele aliinua mkono. "Mwalimu, kwa hivyo mtu mwenye huzuni akila mboga kwa wingi atapona?"

"Hayo ni ya panya."

"Vipi, Mwalimu?"

"Waliyaona kwa panya. Kwa panya wameona mengi. Kwa watu wameona dalili tu, na bado wanatafuta. Andikeni hivyo. Bado wanatafuta."

Tukaandika. Mwalimu mkuu alipopekua madaftari yetu alimwita Mwalimu ofisini akamlalamikia kwamba hakuna mtihani wenye swali ambalo jibu lake ni "bado wanatafuta". Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ndiyo sababu watoto wanamaliza shule wakidhani kila kitu duniani kimeshajulikana. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na sisi tuliokuwa tukifagia ukumbini tulisikia neno kwa neno.

Alikuwa na vita na moshi. Kipokezi kile, alituambia, wataalamu walikijua kwanza kwa ubaya wake, kwa sababu ndicho kinachoshikwa pia na sumu za moshi na za taka zilizochomwa. Kinachopokea mboga ndicho kinachopokea moshi, na kila kimoja kinakituma kazi yake. Siku moja mtumishi wa shule alitia moto shimo la taka lililojaa chupa za plastiki na viatu vya mpira. Mwalimu alitoka darasani katikati ya sentensi, akaingia jikoni, akabeba sufuria ya maji yaliyokuwa yametengwa kwa chai ya walimu, akaenda kuyamwaga shimoni. Siku hiyo walimu wote walikosa chai, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Lakini Ijumaa ukipita nyumbani kwake ulikuta udi umefukizwa mpaka macho yanawasha. Na pweza wa kuchoma alimtaka aliyeungua kingo, mweusi, wa kukatika kwa meno. Nilimwuliza siku moja, nilipokuwa nimeshakuwa mkubwa wa kuweza kumtania, "Mwalimu, na huu udi je? Kipokezi hakiusikii?"

"Udi ni sunna," akasema. "Nipe mchicha wangu."

Hakuwa na haya kwa maneno ambayo wengine tunayapitisha pembeni. Katika hitima moja tuliyohudhuria, mzee mmoja aliyekaa karibu na wanawake waliokuwa wakipakua alikataa sahani, akasema siku hizi hana hamu ya chakula. Mwalimu alikuwa akipita na jagi la maji. "Choo chako kina rangi gani, babu?" akauliza, kwa sauti yake ileile ya darasani. Mkeka mzima ukageuka. Mzee alimtazama, akatazama chini, kisha akajibu. Mwalimu akamwagiza aende akapimwe kabla ya wiki kwisha, na kweli akakutwa na minyoo inayonyonya damu, akatibiwa. Mzee yule, mpaka alipofariki, alikuwa akisema kwamba katika maisha yake yote alikuwa ameulizwa habari za kila kitu ila hiyo moja iliyokuwa inamwua.

Lakini ukimgeuzia yeye swali, ukamwuliza, "Na lako, Mwalimu?", alisema "Alhamdulillahi" na kuanza kuchagua nyanya. Niliona hivyo kwa miaka. Nilidhani ni adabu ya utu uzima.

Bwana wake alikuwa fundi wa redio, mtu wa maneno machache, na watu walimcheka kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipika. Alikuja mwenyewe kununua mboga. Alikuwa akifungua kila fungu, akachagua yale majani ya juu, machanga, akaacha ya chini. Nilikuwa nikikasirika kidogo.

"Baba, unaniharibia mafungu."

"Nisamehe, mwanangu. Ni ya mtu wangu," alikuwa akisema, huku akiendelea kuchagua.

Nilidhani Mwalimu ni mwanamke wa kudeka tu. Sikujua kwamba alikuwa na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana tangu kabla hajaanza kunifundisha, kwamba kinga ya mwili wake ilikuwa ikiushambulia ule ukuta wake mwenyewe, na kwamba majani magumu yalikuwa yakimtesa. Hata binti yao aliyeolewa Bodo hakujua. Aliyejua ni daktari, na fundi wa redio.

Fundi alifariki asubuhi moja akiwa amekaa kwenye benchi lake la kazi. Mwalimu alikaa eda, miezi minne na siku kumi, na alipotoka alikuwa mtu mwingine. Kwanza uso wake ulikuwa umevimba, umekuwa duara. Wanawake sokoni walimwambia amenawiri, eda imempendeza. Alitabasamu kidogo tu. Alikuwa ameshastaafu, kwa hiyo hapakuwa na darasa la kumtoa nyumbani. Alipita kwangu bila kuniuliza tumbo langu limeamkaje, na hilo ndilo lililonishtua kuliko uso.

Baada ya wiki kadhaa uso ule ulinywea, na mwili wote ukafuata. Lakini hapo ndipo alipoanza kununua mboga kama mtu mwenye karamu. Mafungu matano kwa siku. Kabichi nzima, kesho yake nyingine. Mwanzoni nilifurahi, sitasema uongo, mimi ni mfanyabiashara. Kisha nikaanza kujiuliza nani anazila, maana nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

"Mwalimu, una wageni?"

"Nina kazi," akasema.

Asubuhi moja alikuja akashika nguzo ya kibanda changu, akawa haiachii. Nikamtolea kreti akakaa. Akaniomba aingie chooni. Nyuma ya kibanda kuna nyumba ya shangazi yangu, nikampeleka. Alikawia. Alipotoka midomo ilikuwa imepauka kama amepakwa unga, na pale alipopita palikuwa na tone la damu sakafuni, na jingine mlangoni.

"Mwalimu, unatoka damu."

"Ni hedhi," akasema.

Nilimtazama. "Mwalimu, wewe una wajukuu wawili."

Hakucheka. Alirudi akakaa kwenye kreti, akaweka kikapu chake miguuni, akasema kana kwamba hakuna kilichotokea, "Nipe kabichi mbili na sukuma wiki."

Hapo ndipo nilipojua, sijui kwa nini, labda ni kule kuona kitu kimoja siku nyingi kisha siku moja kikajipanga chenyewe. Nikamwuliza kama alikuwa akila mboga zile kama dawa. Akaniambia yote, macho yake yakiwa barabarani. Ugonjwa. Vidonge alivyopewa vya kushusha uvimbe ulipozidi wakati wa eda, vilivyomvimbisha uso. Jinsi alivyochoka kuambiwa amependeza huku bwana wake yuko kaburini. Jinsi alivyoviacha siku moja, vyote, bila kumwambia daktari. "Nikasema, kipokezi kinajulikana. Chakula chake kinajulikana. Nitakilisha mwenyewe."

"Na kimekusaidia?"

"Bado natafuta," akasema.

Nilichukua kabichi aliyokuwa ameishika nikairudisha kwenye meza. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kunisimamisha kona ya darasa saa nzima. "Leo sikuuzii."

"Unaninyima mboga?"

"Hayo ni ya panya, Mwalimu."

Alinikodolea macho. Nilidhani atanitukana, au atanyanyuka aende kwa mwuzaji wa ng'ambo ya barabara. Badala yake aliniuliza, "Wewe bayolojia ulipata ngapi?"

"D."

"Aliyekusahihisha alikosea," akasema, kisha akaanza kulia, palepale kwenye kreti, mbele ya wapita njia, bila kujifunika uso.

Nikafunika meza kwa turubai. Shangazi akatafuta tuktuk. Njiani hadi hospitali alikuwa ameniegemea begani, mwepesi mno, akinisihi nisimwambie binti yake. Nilimwambia ameshapigiwa simu. Ilikuwa kweli, shangazi ndiye aliyempigia.

Daktari aliyetupokea alikuwa msichana kutoka bara, mpole, mwenye Kiswahili cha haraka. Alisema damu imepungua sana, ataongezewa, na kwamba vidonge vile havifai kuachwa ghafla hata siku moja. Akamweleza kwamba uvimbe wa uso utaondoka wakishapunguza dozi polepole, na baada ya hapo kuna dawa nyingine za kutumia kwa muda mrefu. Mboga hazikuwa adui, alisema, lakini utumbo wenye vidonda vibichi haupewi kabichi nzima ubebe. Mwalimu alisikiliza kama mwanafunzi mtiifu. Daktari akaandika, akauliza, akaandika. Mara ngapi kwa siku. Maumivu upande gani. Uzito umepungua kwa muda gani.

"Hujaniuliza kichwa," Mwalimu akasema.

"Kichwa kinauma, mama?"

"Hakiumi. Lakini ungeniuliza. Tangu bwana wangu afariki sijatamani kuiona kesho. Naamka kwa sababu jua limechomoza. Sasa sijui kama ni huzuni iliyoliamsha tumbo, au ni tumbo linaloilisha huzuni. Nimefundisha jambo hili miaka mingi, na kwangu mwenyewe sijui linaanzia wapi."

Daktari aliweka kalamu. Hakusema neno la kitaalamu. Akavuta kiti akakaa karibu naye, akamwuliza jina la marehemu na kazi aliyokuwa akifanya. Mwalimu akaanza kusimulia habari za redio, za bisibisi alizokuwa akizisahau mfukoni mwa kanzu, za supu ya majani machanga. Mimi nikatoka nje nikasimama ukumbini, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka mafungu yangu aliyoyaharibu marehemu, na jinsi nilivyokuwa nikimnunia.

Alilazwa siku tisa. Binti yake alikuja kutoka Bodo na mtoto mgongoni, akafika kitandani akiwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona mtu amekasirika. "Mama, watu wa mji mzima unawauliza matumbo yao. Mimi mtoto wako nimekuuliza kila wiki kwenye simu, unaniambia u mzima." Mwalimu alishika ncha ya leso ya binti yake akawa anaikunja na kuikunjua. Mwishoni akasema, "Niliona haya." Mtu aliyemwuliza mzee wa watu rangi ya choo chake mbele ya mkeka mzima!

Alipopata nguvu alipelekwa kwa mshauri nasaha wa hospitali kila wiki mbili, na alikwenda, ingawa alirudi mara ya kwanza akilalamika kwamba kijana yule hajui hata seli ya neva inafananaje. Mara ya tatu hakulalamika. Dawa alikunywa. Uso ulivimba tena, ukanywea tena. Aliomba ruhusa kwa shule yake ya zamani akafundishe kipindi kimoja tu, kidato cha tatu. Mpwa wangu alikuwemo. Aliniambia kwamba Mwalimu alichora ule ukuta wa seli, akaeleza kipokezi chote, kisha akasema kuna mwalimu mmoja mjinga aliyesikia nusu ya habari akaifanya dawa, na akawasimulia mambo yake yote, pamoja na damu. Hakuna aliyecheka. Mpwa wangu alisema kilichomshangaza ni kwamba baada ya kipindi wasichana wawili walibaki nyuma kuzungumza naye, na walikaa naye mpaka kengele ya mwisho.

Kisha akahamia Bodo kwa binti yake, nami nikawa simwoni. Nyumba yake ya Msambweni imepangishwa, na anayekaa humo hanunui mtsunga.

Mwezi wa Shaaban uliopita nilialikwa harusi Bodo, upande wa mume wangu. Nilikuwa nimekaa na wanawake tukichambua mchele nilipomwona anakuja na sinia ya vitunguu, amevaa leso mpya, mwembamba lakini amesimama wima. Nilinyanyuka nikamwamkia, akanikumbatia na mikono ileile yenye maji ya vitunguu. Tulikaa pamoja mchana kutwa. Alikula pilau kidogo na akawaambia wapishi wazi kwamba pilipili haiko katika ruhusa yake. Aliwaeleza sababu, nao walimtengea chungu chake bila maneno mengi, kama vile wanavyomtengea mtu asiyekula nyama ya mbuzi.

Nilipoaga alinisindikiza. Tulipita nyuma ya nyumba za wavuvi, mahali wanawake wanapoanika dagaa, tukawa tunakwenda polepole kwa ajili yake, au kwa ajili yangu, maana sikutaka kufika. Nilimwuliza kama anafurahi huku.

"Nafurahi siku nyingi," akasema. "Si zote."

Tukatembea kidogo.

"Wiki iliyopita niliona damu tena," akasema. "Kidogo. Nilitoka chooni nikaenda moja kwa moja jikoni, nikamwambia binti yangu kabla sijanywa chai."

Nilisimama. "Akasemaje?"

"Alilia kwanza. Kisha akafuta macho, akaniuliza mara ngapi, tangu lini, nimelala vipi, na je, nimemwota baba yake. Kisha akampigia daktari." Alitikisa kichwa kama mtu anayesahihisha karatasi nzuri na kukosa mahali pa kuweka alama nyekundu. "Sikumfundisha mimi. Bayolojia aliiacha kidato cha pili."

Tulifika mahali njia inapotoka kijijini. Akanishika mkono, akaniombea dua fupi, akanipa salamu za kuwapelekea shangazi na mpwa wangu. Nilimwangalia akirudi. Hatua chache tu, binti yake akatokea kwenye uchochoro kuja kumpokea, akamshika kiwiko, na Mwalimu hakukiondoa.